Pini na fataki: nini hasa kinatokea risasi inapolia, na kwa nini risasi za Manza 1915 ziligoma

#1 Mfua Chuma

Wakuu, salaam.

Kila ikija mada ya bunduki utasikia mtu anasema pini, kile chuma chembamba kinachogonga risasi ukivuta kifyatuo, inatoboa risasi kwa nyuma, baruti inashika moto, basi. Hapana. Pini ikitoboa, ujue kuna kitu kimeharibika. Kazi yake ni kubonyeza, tena kwa kipimo. Nimeona niliandike hili kwa urefu, maana ni jambo ninalolipenda na kwa Kiswahili halijaandikwa vya kutosha. Mwenye la kuongeza aongeze.

Shika ganda la risasi ya raifo lililokwisha kupigwa, ligeuze uone kitako chake. Katikati kuna kiduara cha shaba chenye upana wa milimita 5 na kidogo kwa risasi kubwa kama .308, au milimita 4 na nusu hivi kwa ndogo kama 5.56. Kina kibonyeo laini katikati, cha mviringo, kama kimebonyezwa na ncha ya kijiti butu. Kiduara hicho ndicho fataki. Wengine wanaiita praima. Kikombe chake ni chembamba: unene wa kitako chake ni kati ya nusu milimita na sehemu 7 za milimita, kutegemea aina.

Ndani ya kikombe kuna tabaka dogo la dawa inayolipuka ikibanwa ghafla. Mbele ya dawa kuna fuawe, kipande kidogo cha chuma au shaba kilichochongoka kidogo na kukaa imara. Kwa hiyo pini ikigonga kikombe kwa nje, kikombe kinabonyea kwenda ndani, na dawa inajikuta kati ya shaba inayokuja na fuawe isiyosogea. Inapondwa. Ndimi za moto zinapita kwenye tundu dogo mbele ya fuawe, zinaingia kwenye baruti, na hapo ndipo baruti inapoanza kuwaka. Pini yenyewe haijagusa baruti wala dawa.

Angalieni mambo mangapi lazima yakubaliane ndani ya sehemu ndogo kabisa ya sekunde. Pini lazima ifike na kasi ya kutosha, maana kubonyeza taratibu hakusaidii. Ncha yake itokeze mbele ya uso wa bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi) kwa kiasi cha milimita 1 na nusu hivi: ikipungua, kibonyeo kinakuwa kifupi, ikizidi, inaweza kutoboa. Ncha iwe ya duara, isichongoke. Fataki nayo iwe imekaa mpaka mwisho wa shimo lake, fuawe ikiegemea chuma. Ikiwa imebaki juu kidogo, nguvu ya pigo la kwanza inaishia kuisukuma iingie, na risasi hailii. Ukikoki tena pini bila kuitoa risasi, pigo la pili linaipata fataki ikiwa imeshakaa na inalia. Watu wengi wanaona hilo ni bahati tu, kumbe lina sababu yake.

Kisha kuna kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Baruti ikishawaka, mgandamizo ndani ya ganda unapanda mno. Kwa risasi ya milimita 7.92 ya Mauser, bunduki ya Kijerumani, kikomo cha kiwango cha leo ni baa 3,900. Mgandamizo huo unasukuma pande zote, na kile kikombe chembamba cha fataki nacho kinasukumwa kurudi nyuma. Kinachokizuia kisipasuke ni uso wa bolti pamoja na ncha ya pini ambayo bado imejaa kwenye kibonyeo. Yaani pini inagonga, halafu papo hapo inageuka kuwa kizibo. Tundu la pini kwenye bolti likiwa pana kuliko inavyotakiwa, shaba inamiminikia humo na kutengeneza kingo zilizoinuka kuzunguka kibonyeo. Fundi akiona kingo hizo anajua pa kuangalia.

Kwa hiyo fataki na pini vinaundwa kwa ajili ya kupatana. Kiwandani fataki hupimwa kwa kuangusha tufe la chuma lenye uzito maalumu juu ya pini, kutoka vimo mbalimbali. Kuna kimo ambacho fataki zote lazima zilie, na kuna kimo cha chini ambacho hata moja hairuhusiwi kulia. Karibu matatizo yote ya kugoma au kulia bila kukusudiwa chanzo chake ni kutoka nje ya mipaka hiyo miwili.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya nianze uzi huu, maana kilitokea hapa kwetu.

Aprili 1915. Meli ya Kijerumani, Rubens, ilikuwa imezunguka Afrika Kusini ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, nahodha akiwa Carl Christiansen. Ilibeba makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na mamilioni ya risasi kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Jeshi hilo lilizihitaji sana. Vita vilipoanza 1914 askari wake wengi walikuwa na bunduki za muundo wa 1871 zenye baruti ya moshi, kila ukipiga adui anaona ulipo. Karibu na Tanga manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaiona Rubens. Christiansen akaikimbiza ndani ya Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, akafungua maji yaingie ili ikae chini, na moto ukawashwa juu. Waingereza wakaipiga mizinga, wakaiona inaungua, wakaondoka wakidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Shehena iliyokuwa chini iliopolewa kwa wiki kadhaa.

Lakini risasi zilikuwa zimekaa ndani ya maji ya chumvi. Lettow-Vorbeck mwenyewe alieleza kilichofuata: kila siku zilivyopita, risasi zilizogoma zilizidi. Ikabidi zifunguliwe zote. Mjini Moshi Mpya, kwa miezi, askari, maboi na wapagazi wote waliopatikana walikaa kuanzia asubuhi mpaka jioni wakifungua risasi, kusafisha baruti, na kubadilisha fataki pale ilipobidi. Fataki zilizokuwapo ndani ya koloni zilikuwa za umbo tofauti na zile za awali. Baada ya kazi yote hiyo, mafungu yaliyogoma kwa kiasi cha asilimia 20 ndiyo yaliyopelekwa vitani. Yaliyogoma zaidi ya hapo yakawa ya mazoezi. Risasi nzima za akiba ya zamani zikatengwa kwa ajili ya bombomu (bunduki za kupiga mfululizo) peke yake.

Asilimia 20 ni risasi moja katika kila tano. Mtu yuko mstari wa mbele, anavuta kifyatuo, anasikia "tak" ya pini na basi. Kwangu mimi, wale watu wa Moshi waliokaa chini kufungua risasi moja moja kwa mikono ni sehemu ya historia ya vita ile sawa na waliopiga. Majina yao hatunayo.

---

#2 Kibo Kaskazini

Mkuu, ahsante sana. Nimezaliwa Moshi na hili sijawahi kulisikia. Swali: kwa nini risasi nzuri zilitunzwa kwa ajili ya bombomu? Ningedhani askari wa kawaida, mwenye bunduki ya kupiga moja moja, ndiye asiyetakiwa kupoteza hata moja.

---

#3 Mfua Chuma

Swali zuri mkuu, na jibu lake liko kwenye namna bombomu inavyofanya kazi. Maxim inaendeshwa na nguvu ya risasi yenyewe. Risasi ikilia, mtutu na mitambo inarudi nyuma, na safari hiyo ndiyo inayotoa ganda, inayokoki pini na kuvuta risasi nyingine kwenye mkanda. Risasi moja ikigoma, hakuna kilichorudi nyuma, kwa hiyo bunduki nzima imesimama. Mpigaji lazima azungushe mkono wa pembeni aitoe ile mbovu na kuleta nyingine. Sasa piga picha mkanda wa risasi 250 ambao moja katika kila tano ni mbovu. Hiyo si bombomu tena.

Mwenye Mauser ya mkono yeye ndiye injini. Risasi ikigoma anavuta bolti, mbovu inaanguka, nzima inaingia. Amepoteza sekunde chache na pengine ametoa jasho jembamba, lakini bunduki yake bado inafanya kazi. Uamuzi wa kugawa risasi vile ulikuwa wa mtu anayeijua mitambo yake.

---

#4 Binti Mkwajuni

Nimesoma mara mbili. Kitu kimoja hakijaniingia: umesema baruti ilisafishwa, fataki zikabadilishwa. Kwa nini fataki nazo zisisafishwe na kukaushwa kama baruti? Chumvi iliifanya nini hasa?

---

#5 Mfua Chuma

Dada, hapo ndipo penyewe.

Baruti ya risasi za Mauser za wakati ule ilikuwa baruti isiyo na moshi, na msingi wake ni nitroselulosi. Nitroselulosi haiyeyuki kwenye maji. Ikilowa inakataa kuwaka, lakini ikitolewa, ikasafishwa chumvi na kukaushwa vizuri, sehemu kubwa ya uwezo wake inarudi. Ndiyo maana ilifaa kusafishwa.

Dawa ya fataki za wakati ule ilikuwa mchanganyiko wa vitu kadhaa, na kimojawapo kilikuwa kloreti ya potasiamu, chumvi inayoyeyuka kwenye maji. Maji yakishapenya pembeni ya kikombe, uwiano wa mchanganyiko unavurugika na huwezi kuurudisha kwa kuanika juani. Kingine kilikuwa fulminati ya zebaki, ambayo ikipata unyevu inaanza kuishambulia shaba yenyewe. Kwa hiyo fataki iliyolowa inazidi kuoza siku hadi siku hata kama kwa nje inang'aa. Hapo unaelewa kwa nini ziliendelea kugoma zaidi na zaidi baada ya kuopolewa.

Halafu weka juu yake lile suala la fataki za umbo tofauti. Nimeeleza pale juu kwamba kikombe, fuawe na kina cha shimo vinapimana. Ukiweka fataki ambayo shimo halikuchongwa kwa ajili yake, hata iwe mpya na kavu, baadhi zitakaa juu, baadhi zitazama mno, na pini ileile yenye springi ileile haitazipata zote sawasawa. Mimi naona ile asilimia 20 iliyobaki sehemu yake inatoka hapa, si kwenye chumvi peke yake.

Na chumvi ina hadithi nyingine upande wa pili. Kloreti ya potasiamu ikishalipuka inaacha kloridi ya potasiamu ndani ya mtutu. Ni ndugu wa chumvi ya mezani, inavuta unyevu hewani na kuleta kutu haraka, hasa huku pwani. Mafuta hayaiyeyushi. Ndiyo sababu askari wa Kiingereza na wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wenye bunduki za Lee-Enfield walifundishwa kumwaga maji ya moto sana ndani ya mtutu baada ya kupiga, kisha kukausha, ndipo wapake mafuta. Maji yanaondoa chumvi, joto linakausha. Wajerumani walipata fataki isiyoleta kutu mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini nchi nyingi ziliendelea na za zamani kwa muda mrefu kwa sababu zilitunzika vizuri ghalani. Mwenye bunduki ya zamani na risasi za zamani asipuuze maji.

---

#6 Sajini Mstaafu

Mleta mada umeeleza vizuri. Mimi nimetumikia jeshi miaka mingi, nikasimamia vijana kwenye uwanja wa shabaha. Naongeza moja la usalama kabla watu hawajasahau: risasi ikigoma, usifungue bolti papo hapo. Elekeza mtutu kule kwenye shabaha, tulia, hesabu angalau sekunde 30. Kuna risasi zinazochelewa. Fataki imewaka kwa unyonge, baruti inafuka, halafu ndipo inalia. Ikilia bolti ikiwa wazi, ganda linapasuka usoni kwako. Vitani mtu anaweza kulazimika kuharakisha, uwanja wa mazoezi hakuna haraka.

Sasa nina swali nililoulizwa na vijana mara nyingi, nataka ulieleze kitaalamu. Ukiingiza risasi kwenye chemba (chumba cha risasi) ya bunduki ya SKS au ya aina ya M16 halafu ukaitoa bila kupiga, mara nyingi unakuta kidoa kidogo kwenye fataki. Vijana wanadhani bunduki imegoma au risasi imeharibika. Ukweli ni upi?

---

#7 Mfua Chuma

Shikamoo afande, na ahsante kwa lile la sekunde 30.

Kidoa hicho kinatokana na pini inayoelea. Bunduki hizo, na AK nyingi pia, pini imelala tu ndani ya bolti bila springi ya kuirudisha. Inapigwa na nyundo. Bolti inapokimbia mbele na kusimama ghafla, pini inaendelea na mwendo wake, inagusa fataki kidogo. Kidoa ni alama ya mguso huo. Risasi si mbovu, na ni kawaida ya bunduki hiyo.

Lakini hapa ndipo ule mpaka wa chini niliousema unapokuwa suala la uhai. Kama pini ni nzito mno, au fataki ni laini mno, mguso unageuka kuwa pigo, na risasi inalia yenyewe bolti inapofunga. Mwaka 1963, Wamarekani walipokuwa wanaiingiza AR-15 (ndiyo iliyokuja kuitwa M16) jeshini, walikutana na tatizo hilo hasa. Walilitatua kwa pande zote mbili: pini ikapunguzwa uzito ili iwe na msukumo mdogo, na fataki ikawekewa masharti makali zaidi ya kutolia kwa mguso. Nalipenda suluhisho hili kwa sababu halikumlaumu mmoja na kumwacha mwenzake.

SKS nayo ina la kwake. Za mwanzo kabisa zilikuwa na springi ya kurudisha pini, baadaye ikaondolewa. Ikitoka ghalani imejaa grisi nzito ya kuhifadhia, grisi ikiganda ndani ya tundu la pini, pini inakwama ikiwa imetokeza mbele. Bolti ikifunga, ncha inakwenda na uzito wote wa bolti nyuma yake. Risasi inalia, bolti inarudi, inachukua nyingine, nayo inalia, mpaka magazini iishe. Dawa yake ni kuifungua bolti, kuosha tundu la pini mpaka likauke, kisha kuitikisa bolti sikioni: pini inatakiwa isikike ikicheza mbele na nyuma bila kukwama.

Na kwa sababu hiyohiyo risasi moja usiiingize na kuitoa chemba mara nyingi. Kila safari inaongeza mguso mahali palepale.

---

#8 Sajini Mstaafu

Marahaba. Hiyo ya kutikisa bolti ndiyo tuliyowafundisha. Na usiweke mafuta kwenye tundu la pini ukidhani unasaidia. Mafuta yanashika vumbi na masizi, vinageuka gundi, pini inapunguza kasi. Pakavu na pasafi panatosha.

---

#9 Mwana wa Sikonge

Wakuu, huku kwetu wazee wengi wamewinda kwa gobore. Gobore halina pini, nyundo inagonga fataki moja kwa moja kwa nje. Je, ni kitu kilekile au ni kingine? Na mvua ikinyesha linagoma sana.

---

#10 Mfua Chuma

Ni kitu kilekile katika hatua ya awali, mkuu, na gobore ndilo linaloonyesha vizuri safari nzima.

Kabla ya fataki kulikuwa na jiwe la kutoa cheche na baruti kidogo iliyowekwa wazi pembeni. Upepo, ukungu au tone la mvua, imekwisha. Mchungaji mmoja wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, ambaye alikuwa anapenda kuwinda ndege wa majini, akapata hataza mwaka 1807 ya kuwasha bunduki kwa dawa inayolipuka ikigongwa. Baada yake ndipo kikaja kikofia cha shaba kinachovikwa kwenye chuchu ya chuma, kama kwenye gobore la wazee wako. Pale chuchu ndiyo fuawe. Nyundo ndiyo pini. Mvua inaingia pembeni ya kikofia au kupitia kwenye tundu la chuchu, na baruti ya gobore ni ile nyeusi inayonyonya unyevu.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyozaa pini tunayoijua. Mjerumani Johann Nikolaus von Dreyse aliunda bunduki ambayo Prussia waliipokea mwaka 1841. Risasi yake ilifungwa ndani ya karatasi, na fataki ilikaa mbele, nyuma tu ya kichwa cha risasi. Kwa hiyo ilihitaji sindano ndefu: inatoboa karatasi kwa nyuma, inapita katikati ya baruti yote, ndipo inaifikia fataki. Hapo kutoboa kulikuwa kazi halali ya pini! Faida yake mwanajeshi alipakia kwa nyuma, akiwa amelala chini. Mwaka 1866 Prussia waliwapiga Austria pale Königgrätz wakiwa na bunduki hiyo, wakati Waaustria walikuwa bado wanapakia kwa mdomo wa mtutu wakiwa wamesimama au wamepiga goti.

Lakini fikiria maisha ya sindano ile. Kila risasi ikilia, sindano iko katikati ya moto. Ililiwa na kutu, ikawa dhaifu, ikavunjika, na askari walitembea na sindano za akiba. Wafaransa na Chassepot yao ya 1866 wakaihamishia fataki nyuma ya risasi, sindano ikawa fupi. Lilipokuja ganda la shaba lenye fataki kitakoni, pini ikatolewa kabisa kwenye moto. Tangu hapo inakaa upande wake wa ukuta, na ukuta wenyewe ni kile kikombe chembamba.

---

#11 Kokoto

Mimi naona mambo mnayakuza. Si waweke springi kali kabisa kwenye pini, kila fataki ilie, nzima na mbovu? Hata zile za Manza zingelia.

---

#12 Mfua Chuma

Mkuu Kokoto, springi kali inasaidia mpaka mahali fulani, na bunduki za bolti kama Mauser ya 1898 tayari zina springi yenye nguvu na pini nzito. Ndiyo maana zinavumilia fataki ngumu kuliko bunduki nyingi. Ila fataki ambayo dawa yake imeyeyuka hailii hata ukiigonga kwa nyundo ya fundi.

Na ukizidisha, unaanza kutoboa. Kikombe kikitobolewa, gesi yenye joto kali na mgandamizo ule niliotaja inapita kwenye tundu, inaingia ndani ya bolti kufuata pini, inatafuta pa kutokea. Jicho la mpigaji liko mbele yake tu. Paul Mauser alilijua hilo. Tazama bolti ya bunduki ya 1898: upande wa chini kuna matundu mawili ya mviringo mrefu, na nyuma kuna ukingo mpana kama ngao ndogo. Gesi ikirudi inatolewa kupitia matundu hayo kuelekea kushoto, na inayobaki inakutana na ukingo kabla ya kufika usoni. Muundo ule ulikubali kwamba siku moja fataki itatoboka, ukajipanga kwa siku hiyo.

Sababu nyingine ya springi kutokuwa jibu: mara nyingi risasi inagoma kwa sababu ganda halikushikwa imara. Chemba ikiwa imelika, ganda lina nafasi ya kusogea mbele. Pini ikigonga, badala ya kubonyeza fataki inasukuma risasi nzima. Ongeza springi unavyotaka, unaisukuma kwa kasi zaidi tu. Hapo ni kazi ya fundi kupima chemba.

---

#13 Kibo Kaskazini

Nina maganda mawili ya zamani niliyopewa kama mapambo, hayana kitu ndani. Nikimulika tochi kwa mdomoni, moja lina tundu moja katikati, lingine lina vitundu viwili pembeni. Maana yake?

---

#14 Mfua Chuma

Lenye tundu moja ni la mfumo wa Boxer, lenye viwili ni la Berdan. Yote mawili yalipata hataza mwaka 1866. Edward Boxer alikuwa afisa wa Kiingereza, aliweka fuawe ndani ya fataki yenyewe, kwa hiyo ganda linahitaji tundu moja tu. Hiram Berdan, Mmarekani, alifanya fuawe iwe sehemu ya ganda, kinundu kidogo chini ya shimo, na moto unapita pembeni yake. Historia ikabadilishana: Wamarekani wakashika ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya na Urusi yakashika ya Mmarekani. Fataki ya Berdan ni rahisi zaidi kutengeneza. Lakini ganda la Boxer unaweza kulitoa fataki iliyokwisha kulia kwa kusukuma kijiti kupitia lile tundu la katikati, wakati la Berdan kijiti kitaishia kwenye kinundu.

Risasi za Mauser za jeshi la Ujerumani zilikuwa za Berdan. Basi mjue wale watu wa Moshi Mpya hawakuwa na njia ya mkato ya kusukuma kutokea ndani.

---

#15 Wakili Mtarajiwa

Nimefuata uzi wote kimyakimya. Polisi wakifika eneo la tukio la risasi wanaokota maganda kwa uangalifu sana. Ni kwa ajili ya kibonyeo hiki cha pini?

---

#16 Mfua Chuma

Kibonyeo na kingine zaidi. Shaba ya fataki ni laini kuliko chuma cha pini, kwa hiyo inanakili umbo la ncha: kama ina mkwaruzo, kama imekaa pembeni badala ya katikati, kama ina miduara ya kerezo iliyoachwa wakati wa kuchonga. Hiyo ni alama ya kwanza.

Ya pili ni uso wa bolti. Risasi ikilia, fataki inasukumwa nyuma kidogo kutoka kwenye shimo lake na kugandamizwa kwenye uso wa bolti, kisha ganda lenyewe nalo linarudi nyuma na fataki inakaa tena mahali pake. Kwa hiyo kuzunguka kibonyeo unakuta mistari midogo sana iliyonakiliwa kutoka kwenye uso wa chuma uliochongwa kwa tupa au mashine. Pia kuna alama za ndoano ya kutolea ganda kwenye ukingo. Wataalamu huweka ganda la eneo la tukio na ganda lililopigwa kwa makusudi na bunduki inayoshukiwa chini ya darubini yenye macho mawili yanayoungana katika picha moja, nusu ganda hili, nusu lile, wanazungusha mpaka waone kama mistari inafuatana. Njia hiyo ilishika mizizi New York miaka ya 1920, Calvin Goddard akiwa mmoja wa walioieneza.

Ndiyo maana ganda halishikwi kwa koleo kwenye kitako. Linashikwa kwa ubavu, na kila moja linawekwa kwenye bahasha yake ili yasigongane.